Nguzo za Buluu: Picha Moja na Ugomvi wa Taifa Zima

Mwaka 1973 serikali ya Australia ilinunua picha moja ya rangi kutoka New York kwa dola milioni 1.3 za nchi hiyo. Picha yenyewe haikuonyesha mtu, wala mnyama, wala mti, wala nyumba. Ilikuwa ni kitambaa kirefu cha turubai kilichojaa rangi zilizomwagwa na kurushwa, na juu yake mistari minane minene ya buluu iliyoinama huku na huku. Habari zilipotangazwa, nchi ikagawanyika. Wako waliosema kuwa taifa limepata johari. Na wako waliosema kuwa taifa limeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndugu wasomaji, nimekichagua kisa hiki kwa sababu sisi walimu wa lugha tunakutana na ugomvi wa namna hii darasani, ijapokuwa wetu si juu ya rangi bali ni juu ya maneno. Mwanafunzi husoma shairi asilolielewa, akauliza: "Mwalimu, hili nalo ni shairi?" Jibu tumpalo siku hiyo ndilo litakaloamua kama atalirudia au atalitupa. Nia yangu katika makala hii si kumlazimisha mtu yeyote aipende picha ile ya Australia. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika ugomvi ule, na katika magomvi yaliyoufuata mpaka leo, wapinzani na watetezi wengi walifanya kosa lile lile moja: waliitazama bei, wakasahau kuitazama picha.

MCHORAJI NA WENZAKE

Aliyeichora picha hiyo ni Jackson Pollock, aliyezaliwa tarehe 28 Januari, 1912, mjini Cody katika jimbo la Wyoming, Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano, wote wa kiume. Mwaka 1930 alihamia New York akawa mwanafunzi wa Thomas Hart Benton, mchoraji aliyekuwa akionyesha maisha ya wakulima na watu wa kawaida kwa sura zinazotambulikana vema. Yafaa jambo hili tulikumbuke, maana watu wengi hudhani kuwa Pollock alichora vile kwa sababu hakujua kuchora kama wengine. Alifundishwa kuchora mwili wa mwanadamu kama wanafunzi wenzake, na katika miaka ya shida kubwa ya uchumi alipata riziki yake katika mradi wa serikali uliowaajiri wasanii.

Njia yake mpya haikuzuka siku moja. Mwaka 1936 alishiriki katika karakana iliyofunguliwa mjini New York na David Alfaro Siqueiros, mchoraji mashuhuri wa Mexico, ambako wasanii walijaribu kumwaga na kurusha rangi za viwandani. Tena alivutwa sana na sanaa ya wenyeji wa asili wa magharibi ya Marekani, wale ambao huchora kwa kumimina mchanga wa rangi juu ya ardhi. Na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba desturi yake ya kuizunguka picha kutoka pande zote nne ilikaribiana na ya wachoraji hao wa mchanga. Mwaka 1945 yeye na mkewe, Lee Krasner, ambaye naye alikuwa mchoraji hodari, walihamia kijiji cha Springs, katika kisiwa cha Long Island. Huko waligeuza banda kuwa mahali pa kufanyia kazi. Ilipofika mwaka 1947 Pollock alikuwa ameacha kuisimamisha picha mbele yake. Alikitandaza kitambaa sakafuni, akachukua rangi nyepesi ya kung'aa, ile ipakwayo nyumba na vyombo, akaidondosha na kuirusha kwa kijiti au kwa brashi iliyokauka, huku akitembea kuizunguka kazi yake.

Wala hakuwa peke yake. Baada ya vita kuu vya 1939 hadi 1945, palikuwa na kundi la wachoraji mjini New York walioona kwamba sura za zamani hazikuwatosha tena. Baadhi yao walikuwa wahamiaji: Mark Rothko alizaliwa mwaka 1903 mjini Dvinsk, ambao leo umo katika nchi ya Latvia, na Willem de Kooning alizaliwa mwaka 1904 mjini Rotterdam, Uholanzi. Wengine, kama Barnett Newman, walizaliwa New York kwenyewe. Kila mmoja alikuwa na njia yake. Pollock aliandika mwendo wa mkono na mwili. Rothko alitandaza mawingu makubwa ya rangi yaliyoelea moja juu ya jingine. Newman aliupasua uwanja mpana wa rangi moja kwa mstari mwembamba. Wahakiki waliukusanya mkondo huu wote katika jina moja, ekspreshonizimu dhahania. Kwa maneno mepesi tunaweza kusema kuwa ni uchoraji usioiga umbo la kitu cha nje, bali unaoeleza hali ya moyo kwa rangi yenyewe, kwa ukubwa wa picha, na kwa alama ya mkono ulioifanya.

Tangu mwanzo watu hawakukubaliana. Tarehe 8 Agosti, 1949, gazeti la Life lilichapisha makala juu ya Pollock ikiuliza kama ndiye mchoraji mkubwa kuliko wote walio hai nchini Marekani. Wasomaji wengine walilichukua swali hilo kuwa sifa, na wengine wakalichukua kuwa mzaha. Pollock mwenyewe hakuishi muda mrefu kusikia jibu. Alisumbuliwa sana na ulevi, na tarehe 11 Agosti, 1956, alikufa katika ajali ya gari karibu na nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 44.

PICHA YENYEWE

Kabla hatujafika kwenye ugomvi, natusimame kidogo mbele ya picha. Ilichorwa mwaka 1952. Mwanzoni iliitwa kwa namba tu, kama kazi nyingine nyingi za Pollock za wakati ule. Jina la Blue Poles, yaani Nguzo za Buluu, lilifuata baadaye. Urefu wake kutoka kushoto hadi kulia ni karibu mita 5, na kimo chake kinapita mita 2. Mtu aliyesimama karibu nayo hawezi kuiona yote kwa mara moja. Humbidi atembee, au ageuze kichwa, kama atazamavye mtu aliyesimama ufukweni.

Chini kabisa mna rangi nyeusi na nyeupe na ya fedha, kisha nyekundu, manjano na rangi ya chungwa, zikiwa zimepitana na kufunikana kama nyuzi zilizochanganyika. Pengine rangi ni nene kama utomvu, pengine ni nyembamba kama uzi wa buibui. Mna vipande vya kioo vilivyonasa ndani ya rangi, na mna alama za nyayo. Halafu, juu ya wingi huo wote, zimesimama zile nguzo nane za buluu iliyokoza. Hazikunyooka wima, wala haziko sambamba. Kila moja imeinama kwa namna yake, na kingo zake zina vijiti na matawi ya rangi vilivyotawanyika. Nguzo hizo ndizo zinazolipa jicho mahali pa kushika. Mtazame mtu yeyote anayeitazama picha hii: jicho lake litakwenda kutoka nguzo hadi nguzo, kama mguu uendavyo na mapigo ya ngoma, na katikati ya mapigo litazama katika vurugu za rangi na kutoka tena.

Ndiyo kusema kwamba picha ina mpango. Mpango huo si wa kusimulia habari. Ni mpango wa mwendo na mizani, kama ule tuujuao katika muziki.

UGOMVI WA MWAKA 1973

Mwaka 1973 Australia ilikuwa inajiandaa kujenga jumba la taifa la sanaa katika mji mkuu wake, Canberra. Jengo lenyewe lilikuwa halijasimama. Lilikuja kufunguliwa Oktoba 1982. Lakini James Mollison, aliyekuwa akiongoza maandalizi, alikuwa amekwisha kuanza kukusanya picha za kuliingia. Alipata habari kwamba Ben Heller wa New York, aliyekuwa ameinunua Nguzo za Buluu katika miaka ya 1950 kwa dola 32,000 za Marekani, alikuwa tayari kuiuza. Bei ilifika dola milioni 2 za Marekani, sawa na milioni 1.3 za Australia. Hapakuwa na picha ya kisasa ya Marekani iliyowahi kuuzwa kwa bei kama hiyo.

Kwa kuwa bei ilizidi dola milioni moja, Mollison hakuweza kuamua peke yake. Hapana budi idhini itoke kwa Waziri Mkuu, Gough Whitlam, ambaye chama chake kilishinda uchaguzi Desemba 1972 baada ya kukaa nje ya madaraka kwa miaka 23. Whitlam aliikubali, tena akaelekeza bei itangazwe wazi. Kwa kufanya hivyo alitimiza haki ya wananchi ya kujua fedha zao ziendako. Lakini pia aliwapa wapinzani wake silaha.

Magazeti yalishambulia. Gazeti moja la Sydney lilitangaza kwa herufi kubwa kwamba picha hiyo ya mamilioni ilichorwa na walevi wasio na viatu. Maneno hayo yalitokana na makala iliyochapwa New York mwaka ule ule, iliyodai kuwa Pollock alianza kazi hiyo usiku mmoja wa ulevi pamoja na rafiki zake wawili, nao wakatia mkono wao ndani ya picha. Lee Krasner, mjane wake, alilikataa dai hilo kwamba kazi ni ya watu watatu. Na hata kama marafiki walirusha rangi siku ya kwanza, picha ilirudiwa tena na tena mpaka tabaka zile za mwanzo zikafunikwa; na nguzo ambazo picha imepewa jina lake ziliwekwa mwishoni. Lakini watu waliokwisha kucheka hawana haja ya kusikia habari za tabaka.

Whitlam hakurudi nyuma. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1973 alitumia mfano wa picha hiyo katika kadi yake ya salamu. Mwaka 1974 picha ikaonyeshwa Sydney na katika miji mingine, na watu wengi wakaenda kuitazama, wenye kuipenda na wenye kuichukia. Tarehe 11 Novemba, 1975, Whitlam aliondolewa madarakani na Gavana Mkuu kwa sababu ya mgogoro wa bajeti bungeni. Picha haikuwa sababu ya kuondolewa kwake, lakini kwa wapinzani wake ilikuwa imekwisha kuwa alama ya serikali yenye mkono wazi, na kwa wafuasi wake alama ya taifa lisiloogopa mambo mapya.

MALALAMIKO MATATU

Tukiyasikiliza vizuri maneno ya wapinzani, tutaona kuwa hayakuwa lalamiko moja. Yalikuwa matatu, nayo yalisukwa pamoja mpaka ikawa vigumu kuyatenganisha. Kazi ya mwalimu ni kuyafumua.

La kwanza ni la fedha. Mlipa kodi aliuliza: kwa nini fedha hizi zisijenge shule au hospitali? Swali hili ni halali kabisa. Mtu ana haki ya kuliuliza hata kama picha ni nzuri kupita zote duniani. Lakini tuangalie kwamba swali hilo halisemi lolote juu ya picha. Lingeweza kuulizwa vile vile juu ya picha ya mfalme aliyepanda farasi, au juu ya sanamu, au juu ya uwanja wa michezo.

La pili ni la ustadi: "Hata mtoto wangu angeweza." Hapa pana neno la kujibu. Kuidondosha rangi kwa mpango si jambo rahisi. Uzito wake, kimo cha mkono, na kasi ya mwendo, vyote huamua kama mstari utakuwa uzi au doa. Mwaka 2011 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner, walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili. Waliwaonyesha watu picha mbilimbili, moja ya mchoraji wa mkondo huu na moja ya mtoto mdogo au ya mnyama, kama nyani au tembo. Pengine majina yaliandikwa sawasawa, pengine yalibadilishwa makusudi, pengine hayakuandikwa kabisa. Watu walizichagua kazi za wachoraji kwa kiwango kilichozidi kubahatisha, hata pale majina yalipobadilishwa. Walikosea mara nyingi pia, na hilo tusilifiche. Lakini jicho la kawaida lilikuwa linaona kitu.

La tatu ni la maana: "Picha hii inasema nini?" Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, kwa maana nyuma yake mna uchungu. Mtu anayeliuliza mara nyingi anahisi kwamba amefungiwa mlango, kwamba kuna watu wachache wenye ufunguo, na kwamba wanamcheka. Watetezi wengi wa mwaka 1973 hawakumfungulia. Walimwambia kuwa hana elimu, wakaondoka. Mimi nionavyo, dharau hiyo ilizaa maadui wengi wa picha kuliko picha yenyewe.

KISA CHARUDI KANADA

Ugomvi huo haukuwa wa Australia tu. Mwaka 1989 Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada, mjini Ottawa, lilinunua picha ya Barnett Newman iitwayo Voice of Fire, yaani Sauti ya Moto, kwa karibu dola milioni 1.8 za Kanada. Newman aliichora mwaka 1967 kwa ajili ya banda la Marekani katika maonyesho makubwa ya Montreal. Ina kimo cha mita 5.4, nayo ni mistari mitatu iliyosimama wima: buluu, nyekundu, buluu. Bei ilipojulikana mwaka 1990, kelele zikarudi zile zile. Mbunge Felix Holtmann, mwenyekiti wa kamati ya bunge ya utamaduni, alisema kwamba kwa makopo mawili ya rangi na dakika kumi angeweza kuitengeneza mwenyewe. Mtu mmoja aliyekuwa na kitalu cha miche karibu na Ottawa alipaka mistari yake mitatu, akaiita Sauti ya Mlipa Kodi.

Tunaweza kucheka, na kwa hakika mtu yule wa kitalu alikuwa na ucheshi. Hata hivyo ameshuhudia jambo asilolikusudia: aliichukulia picha kwa uzito kiasi cha kuitengenezea jibu. Sauti ya Moto bado ni mali ya jumba lile la Ottawa.

SIASA NDANI YA RANGI

Kuna sababu nyingine iliyowafanya watu waione sanaa hii kwa macho ya chuki au ya fahari, nayo ni siasa. Mwaka 1949 George Dondero, mjumbe wa Bunge la Marekani, aliishutumu sanaa ya kisasa kuwa ni chombo cha wakomunisti cha kuibomoa nchi. Haukupita muda mrefu hali ikageuka. Katika miaka ya 1958 na 1959 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilizungusha maonyesho ya wachoraji hawa katika nchi nane za Ulaya, na mwaka 1959 picha ya Pollock iitwayo Cathedral ilionyeshwa Moscow katika maonyesho ya taifa la Marekani. Picha zilizoitwa za kikomunisti zikawa ushahidi wa uhuru wa nchi isiyotaka ukomunisti. Huko Urusi, wakati huo huo, wakuu wa sanaa waliziita uozo wa mabepari. Baadaye, mwaka 1967, ilipofichuliwa kwamba shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa likigharimia kwa siri baadhi ya vyama vya utamaduni vya nchi za Magharibi, wako waliosema kuwa mkondo wote ulikuwa silaha ya vita baridi.

Basi tuone ajabu hii: picha zile zile, rangi zile zile, ziliitwa za kikomunisti na kisha za kibepari. Haziwezi kuwa vyote viwili. Kilichobadilika kilikuwa miwani ya watazamaji.

BEI SI HOJA

Sasa nafika kwenye kosa la upande wa pili. Miaka ilipita na bei za kazi za Pollock zikapanda sana. Mwaka 2016, Nguzo za Buluu ilipoazimwa kwenda London kwa maonyesho ya wachoraji wa mkondo huu, ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 350 za Australia. Mwaka huo huo Seneta James Paterson alishauri iuzwe, fedha zikapunguze deni la taifa. Watetezi wakapaza sauti kukataa, na picha haikuuzwa. Lakini hoja iliyosikika sana vinywani mwao ilikuwa ipi? Ilikuwa kwamba Whitlam na Mollison walikuwa wajanja: walinunua kwa milioni moja na ushei kitu ambacho leo kina thamani ya mamia ya milioni.

Hoja hii inapendeza masikioni, lakini ni kosa lile la mwaka 1973 lililovishwa kanzu nyingine. Wapinzani walisema: bei ni kubwa mno, kwa hiyo picha ni mbaya. Watetezi wanasema: bei imepanda, kwa hiyo picha ni nzuri. Wote wameiweka picha kwenye mizani ya sokoni. Kama bei ingekuwa shahidi wa kweli, basi picha hiyo ilikuwa duni Heller alipoilipia dola 32,000, ikawa bora siku ilipouzwa, bila tone moja la rangi kuongezeka.

Na soko lenyewe si shahidi mwaminifu. Mwaka 2011 duka moja kongwe la sanaa la New York lilifungwa, na ikaja kujulikana kwamba kwa miaka mingi lilikuwa limeuza picha za kughushi zilizobandikwa majina ya Pollock, Rothko na wenzao, kwa mamilioni ya dola. Matajiri na baadhi ya wataalamu walizisifu. Wapo watakaosema kuwa hapo imethibitika: yeyote aweza. Sivyo. Aliyezichora alikuwa mchoraji aliyesomea kazi hiyo, tena alifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wengine. Hata utenzi mashuhuri aweza kuuiga mtu mwenye sikio, na kuuiga si kuubuni. Kilichothibitika ni kwamba walionunua walilinunua jina.

SISI NA MASHAIRI YETU

Walimu wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda Canberra ili kuuelewa ugomvi huu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, nacho kikawa mwongozo wa wengi katika vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofungwa na sheria hizo. Mjadala uliozuka uligawanya wasomi na washairi. Wako waliosema kuwa hayo si mashairi, ni maneno yaliyokatwakatwa. Na wako waliowajibu kuwa wamebaki nyuma. Ni sauti zile zile: hata mtoto angeweza, na upande wa pili, huna elimu.

Leo mwanafunzi husoma namna zote mbili, na hakuna iliyoiua nyingine. Lakini amani hiyo ilipatikana kwa walimu waliosoma mistari yenyewe pamoja na wanafunzi wao, neno kwa neno, wakauliza inafanya nini na inafanyaje.

TUTAZAMEJE?

Mtu huuliza: picha isiyoonyesha kitu nitaitazamaje? Nami humjibu kwa kumkumbusha mambo ayajuayo. Bashrafu ya taarabu hupigwa bila mwimbaji, na wasikilizaji hutulia. Hakuna anayeuliza fidla inamwonyesha nani. Mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi hauna sura ya mtu, na hata hivyo mwanamke ajuaye kazi hiyo atakuambia mara moja kwamba huu umekaa vizuri na ule umekosa. Hukumu yake hutokana na uwiano, na rangi zilivyokaribishwa au kutengwa, na uhodari wa mkono. Jicho hilo tunalo tayari. Tunalisahau tu tuingiapo katika jumba la sanaa.

Kwa mwalimu wa lugha ipo faida nyingine. Picha ya kawaida humdai mwanafunzi majina: mti, ng'ombe, mto, mama. Picha ya Pollock haina majina, kwa hiyo humdai vitenzi. Mwonyeshe mwanafunzi mfano uliochapwa wa Nguzo za Buluu, kisha umwombe asiseme ni nini, bali aseme rangi imefanya nini. Atatafuta, na Kiswahili kitampa: imemwagika, imetiririka, imechuruzika, imedondoka, imenyunyizwa, imetapakaa, imeganda, imepasuka, imefunikwa, imefurukuta. Atagundua kwamba kudondoka si kuchuruzika, na kwamba kutapakaa si kutawanyika. Baada ya hapo mwulize nguzo zile zimetuliza vurugu au zimezidisha. Wanafunzi watabishana, na kila mmoja atalazimika kuunyoshea kidole mstari fulani ili aeleze asemalo. Mwisho kabisa, wakitaka, waambie bei.

Huenda wengine wakamaliza somo bado hawaipendi. Si neno. Kutoipenda picha baada ya kuitazama ni hukumu. Kutoipenda kabla ya kuitazama ni uvivu, na kuipenda kwa sababu ya bei yake ni uvivu vile vile. Nguzo za Buluu ingali Canberra, na watu wangali wakisimama mbele yake, wengine wakitikisa vichwa, wengine wakinyamaza. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wake kusimama kidogo kabla ya kutikisa kichwa, mbele ya picha au mbele ya shairi, ametimiza wajibu wake.